Fremu za madirisha za WindowDressers: tathmini ya mpangaji wa Lewiston, Maine

Mtu anayehamia Lewiston, katika jimbo la Maine, kaskazini-mashariki mwa Marekani, huambiwa mapema kuhusu makoti, glavu na viatu vya theluji, lakini ni nadra kuambiwa kuhusu madirisha. Ushauri wa mavazi ni wa kweli, ila koti huvaliwa nje, ilhali fedha nyingi za majira ya baridi huteketea ndani ya nyumba, usiku, watu wakiwa wamelala. Tathmini hii inahusu bidhaa ninayoiona kuwa ndiyo matumizi bora ya fedha kidogo kwa kaya inayoishi katika nyumba kuukuu: fremu za mbao zilizofunikwa plastiki ang'avu, zinazotengenezwa na WindowDressers, shirika lisilo la kibiashara lenye makao yake Rockland, Maine. Ninazitumia katika nyumba ya kupanga, ghorofa ya pili, na nitazilinganisha na pakiti za plastiki za madukani, ambazo wengi wetu huanza nazo, na hita za umeme, ambazo wengi wetu huishia nazo.

Sehemu kubwa ya nyumba za kupanga katikati ya Lewiston ni majengo ya mbao ya ghorofa tatu au nne, yaliyojengwa enzi za viwanda vya nguo vya kando ya mto Androscoggin, wakati wafanyakazi wengi walikuwa wahamiaji wa Kifaransa kutoka Kanada. Leo katika mitaa hiyo hiyo wanaishi Wasomali, Wabantu wa Kisomali ambao baadhi yao bado wanazungumza Kizigua, Wakongo, Warundi na Wanyarwanda, na Kiswahili kinasikika madukani na kwenye vituo vya basi. Wapangaji wamebadilika, lakini madirisha mengi ni yale yale: vipande viwili vya kioo kimoja kimoja, kimoja juu na kingine chini, cha chini kikisukumwa juu ili kufungua. Mbao zake zimekauka na kupinda kwa miaka mingi, na pale vipande viwili vinapokutana katikati hubaki upenyo ambao mkono unauhisi waziwazi usiku wa Januari. Wizara ya Nishati ya Marekani hukadiria kwamba joto linalopotea au kuingia kupitia madirisha huchukua asilimia 25 hadi 30 ya nishati inayotumika kupasha joto na kupooza nyumba za kuishi.

Kabla ya kutoa hata senti moja, kuna mambo mawili ya bure ambayo kila mpangaji anapaswa kuyafanya mwezi wa Oktoba. La kwanza ni kukagua dirisha la nje la alumini, ambalo majengo mengi yanalo, na ambalo mara nyingi hubaki limepandishwa juu tangu kiangazi ili wavu wa mbu ufanye kazi. Likishushwa, tayari kuna kioo cha pili. La pili ni kufunga kile kitasa kidogo cha katikati ya dirisha. Wengi hudhani kimewekwa kwa ajili ya wezi tu, kumbe kazi yake nyingine ni kuvibana vipande viwili vya dirisha ili upenyo wa katikati uzibike. Baada ya hapo, washa kijiti cha udi siku yenye upepo, ukipitishe polepole pembeni mwa dirisha, na moshi wenyewe utakuonyesha pa kushughulikia.

Sababu ya kuhangaika hivi ni bei ya mafuta. Maine ndiyo jimbo linaloongoza Marekani kwa sehemu ya kaya zinazopasha nyumba joto kwa mafuta, na tangi la kawaida la chini ya nyumba ni la galoni 275, yaani zaidi kidogo ya lita 1,000. Kampuni nyingi hazipeleki chini ya galoni 100 kwa safari moja, kwa hiyo hata bei ikiwa dola 4 kwa galoni, mteja anatakiwa kuwa na dola 400 kwa mkupuo, na mwaka 2022 bei katika jimbo hili ilipita dola 5. Familia iliyozoea kununua mkaa wa kopo au gesi ya mtungi mdogo haijawahi kukutana na matumizi ya namna hii, ambayo hayana kiasi kidogo cha kuanzia.

Sasa fremu zenyewe. Kila moja ni umbo la mstatili la mbao za msonobari, lililofunikwa plastiki nyembamba ang'avu upande wa mbele na upande wa nyuma, na kuzungushiwa mkanda wa sponji kwenye kingo zote nne. Haipigiliwi msumari wala kufungwa kwa skrubu, bali husukumwa ndani ya uwazi wa dirisha, kwa upande wa chumbani, na sponji hubana hadi fremu inashika yenyewe. Kinachozuia baridi si plastiki, ambayo ni nyembamba sana, bali hewa iliyotulia: kuna tabaka moja la hewa kati ya plastiki mbili, na jingine kati ya fremu na kioo. Hewa isiyotembea hupitisha joto kwa shida sana, na hii ndiyo kanuni ile ile inayofanya blanketi la sufu lipashe joto. Sponji nayo hufanya kazi ya pili, ambayo katika nyumba kuukuu nadhani ni kubwa kuliko ya kwanza, kwa kuwa inakata upepo unaopenya kwenye nyufa.

Shirika hili lilianza mwaka 2010 kutokana na juhudi za kanisa moja la Rockland kupunguza gharama za kupasha joto jengo lake, na limeendelea kufanya kazi kwa mtindo unaofanana sana na ule tunaouita msaragambo. Mteja hujiandikisha mapema, kwa kawaida wakati bado kuna joto. Watu wa kujitolea huja nyumbani na kupima kila dirisha kwa kifaa cha leza, kwa sababu madirisha ya nyumba hizi hayana pembe mraba, na dirisha lenye upana fulani juu huweza kuwa na upana tofauti chini. Mbao hukatwa kwa vipimo hivyo, kisha kila eneo huandaa siku za kuunganisha katika ukumbi wa kanisa, wa shule au wa jumuiya, ambako wateja wenyewe wanaombwa kuja kufanya kazi zamu moja pamoja na wenzao.

Zamu hiyo ndiyo iliyonishawishi kwamba bidhaa hii imefikiriwa vizuri. Kazi imegawanywa katika meza: meza moja huunga mbao, nyingine hubandika utepe wa gundi wa pande mbili, nyingine hutandaza plastiki na kuikata, nyingine huipuliza hewa ya moto mpaka mikunjo yote ipotee na plastiki ivutike kama ngozi ya ngoma, na meza ya mwisho huzungushia sponji. Mtu asiyejua kushika nyundo huelekezwa na kuanza kazi muda mfupi baadaye, na mtu asiyejua Kiingereza vizuri hupata kazi ileile, kwa sababu sehemu kubwa ya mafunzo hutolewa kwa mikono. Unaweza kujikuta unavuta plastiki upande mmoja na mzee mstaafu wa Maine akivuta upande wa pili, akikueleza jinsi theluji ilivyokuwa nyingi zamani. (Kila mtaa una mzee huyo.) Chakula cha mchana huletwa na waliojitolea, na ukipeleka sambusa usitarajie kurudi nazo.

Bei hutegemea ukubwa wa dirisha, na mteja wa kawaida hulipa fedha inayokaribia gharama ya vifaa tu, kwa kuwa nguvu kazi ni ya kujitolea. Kwa kaya zenye kipato kidogo kuna utaratibu wa kupata fremu kadhaa bila malipo au kwa mchango wowote wanaoumudu, na wanaojiandikisha wanapaswa kuuliza habari hiyo waziwazi bila aibu, kwani mpango wenyewe uliwekwa kwa ajili yao. Mbao huweza kuachwa katika rangi yake ya asili au kupakwa nyeupe. Nilichagua asili, ingawa nyeupe ingependeza zaidi kwenye kuta za kupanga ambazo karibu zote ni nyeupe.

Tofauti huonekana siku hiyo hiyo. Mapazia huacha kucheza. Sauti za magari hupungua, jambo ambalo halitangazwi sana lakini mwenye mtoto mchanga atalishukuru. Kiti kilichokuwa hakikaliwi na mtu kwa sababu kiko karibu na dirisha hugombewa. Kidhibiti joto kinaweza kushushwa nyuzi chache bila yeyote kulalamika, kwa sababu kilichokuwa kinatusumbua ni upepo zaidi ya joto la chumba kwa jumla. Mwili ulioketi karibu na kioo cha baridi huhisi baridi hata kama kipimajoto ukutani kinasoma vizuri. Wizara ya Nishati husema kwamba kushusha joto kwa nyuzi 7 hadi 10 za Fahrenheit kwa saa nane kila siku kunaweza kuokoa hadi asilimia 10 ya gharama za mwaka, na bila fremu ushauri huo ni mgumu kuufuata katika nyumba yenye mtoto.

Kasoro zipo na zinapaswa kusemwa. Fremu ikishawekwa, dirisha halifunguki mpaka uitoe, na kwa jikoni hili si dogo. Sisi huchemsha maharagwe kwa saa mbili, hupika pilau sufuria ikitoa mvuke, na unyevu huo lazima uende mahali. Ukikosa njia, hujipenyeza pembeni mwa fremu yoyote isiyokaa sawasawa, hugeuka maji juu ya kioo, na baada ya wiki kadhaa kuvu huota kwenye mbao. Kwa sababu hiyo singeshauri kuziba dirisha la jikoni isipokuwa kuna feni ya kutoa hewa inayofanya kazi. Katika vyumba vya kulala ni lazima kila mtu mwenye umri wa kuelewa ajue kuivuta fremu na kuitoa haraka, maana dirisha ndiyo njia ya pili ya kutokea moto ukizuka, na zoezi hilo lifanywe kwa mikono ya watoto wenyewe. Plastiki nayo haivumilii kucha za paka wala ncha ya penseli, ingawa tundu dogo huzibwa kwa kipande cha utepe ang'avu. Mwanga hupungua kidogo, kiasi ambacho macho huzoea.

Pakiti za plastiki za madukani zinafanya kazi kwa kanuni ile ile na zinapatikana kuanzia takriban dola 10 hadi 25 kulingana na idadi ya madirisha. Unabandika utepe wa gundi kuzunguka fremu ya dirisha, unatandaza plastiki, kisha unaikaza kwa mashine ya kukaushia nywele. Kwa mtu aliyefika mwezi wa Desemba, au anayejua atahama kabla ya mwaka kwisha, pakiti hizi ni chaguo la busara na sina sababu ya kumzuia. Lakini ni tabaka moja badala ya mawili, hutumika msimu mmoja na kutupwa, na zina tatizo ambalo katika mji huu ni zito kuliko uharibifu wa rangi ambao mwenye nyumba angelalamikia. Rangi za nyumba zenye madini ya risasi zilipigwa marufuku Marekani mwaka 1978, na majengo mengi ya katikati ya Lewiston ni ya zamani zaidi ya hapo. Utepe wa gundi unapobanduliwa mwezi wa Aprili huondoka na maganda ya rangi, na maganda hayo pamoja na vumbi lake huanguka sakafuni anapotambaa mtoto. Mji huu umekuwa na tatizo la muda mrefu la watoto kuathiriwa na sumu ya madini hayo ya risasi, na madirisha ya zamani ni miongoni mwa vyanzo vikuu vya vumbi hilo. Fremu ya kusukuma haina gundi inayogusa rangi ya dirisha, na kwangu hoja hiyo peke yake ingetosha kumpa mzazi sababu ya kungoja msimu wa kujiandikisha. Anayelazimika kutumia pakiti katika nyumba kuukuu afute sehemu hiyo kwa kitambaa chenye maji baada ya kubandua, wala asifagie kwa ufagio mkavu.

Hita ndogo ya umeme, ile ya wati 1,500, ndiyo bidhaa inayonunuliwa zaidi kwa pupa baridi inapobana. Hesabu yake ni rahisi. Kwa saa moja inakula uniti moja na nusu. Ikiwashwa kwa muda wa saa nane kila usiku ni uniti 12, na kwa bei ya senti 25 kwa uniti ni dola 3 kwa usiku mmoja, au dola 90 kwa mwezi, kwa chumba kimoja. Galoni moja ya mafuta ina nishati inayolingana na takriban uniti 40 za umeme, na tanuri linaloyachoma mafuta hayo likipoteza sehemu yake kupitia bomba la moshi, hubaki kama 34 zinazoingia vyumbani. Uniti 34 kwa senti 25 ni dola 8 na senti 50, ilhali galoni yenyewe tuliihesabu kwa dola 4. Kwa hiyo mtu anayezima mafuta na kuwasha hita mbili tatu ili kubana matumizi huwa ameongeza gharama, isipokuwa anapasha chumba kimoja tu na kuacha vingine vyote. Tena, hita ikae angalau futi tatu, karibu mita moja, kutoka kwenye pazia na kitanda, na ichomekwe moja kwa moja ukutani, kamwe si kwenye waya wa kuongezea. Kuhusu jiko la mkaa sitasema mengi: hapa hakuna dirisha la nako wala paa linalopumua, na nyumba iliyozibwa vizuri ndiyo hatari zaidi. Umeme ulipokatika Texas Februari 2021, kulikuwa na familia, zikiwemo za wahamiaji, zilizovuta hewa ya sumu ya kaboni kutokana na kuwasha mkaa au kuendesha magari na jenereta ndani au karibu na nyumba. King'ora cha kaboni monoksidi kiwe na betri nzima.

Milango isisahaulike. Ukanda wa mpira wa chini ya mlango hugharimu dola chache na hufungwa kwa skrubu, hivyo mwombe mwenye nyumba ruhusa kwanza. Asipokubali, khanga iliyokunjwa na kujazwa nguo kuukuu na kulazwa chini ya mlango hufanya kazi karibu hiyo hiyo.

Kuna swali ambalo mpangaji ana haki ya kuliuliza: kwa nini nilipie mimi madirisha ya mtu mwingine? Ikiwa joto limejumuishwa kwenye kodi, atakayeokoa dola ni mwenye nyumba, na wewe utapata utulivu wa mwili tu. Katika hali hiyo nenda kwake na bei mkononi umwombe achangie, kwani faida ni yake. Sheria ya Maine inamtaka mwenye nyumba aliyekubali kutoa joto awe na mitambo inayoweza kufikisha nyuzi 68 za Fahrenheit, yaani 20 za Selsiasi, hata nje kukiwa nyuzi 20 chini ya sifuri za Fahrenheit, na mpangaji anayetetemeka ndani asidhani kwamba ni kawaida ya nchi. Ikiwa mafuta unanunua mwenyewe, basi akiba ni yako, na kabla ya fremu, kabla ya kitu kingine chochote, omba HEAP, msaada wa umma wa kulipia gharama za kupasha nyumba joto kwa kaya zenye kipato kidogo, unaosimamiwa na MaineHousing, mamlaka ya nyumba ya jimbo, kupitia mashirika ya kijamii ya kila eneo. Omba mapema, kwa sababu foleni hurefuka kadiri baridi inavyokaribia, na beba uthibitisho wa kipato wa kila mtu mzima wa nyumba.

Ninazipa fremu hizi nyota nne kati ya tano. Nyota iliyobaki imezuiwa na jambo ambalo si kosa la mtengenezaji: bidhaa iliyokatwa kwa kipimo cha dirisha moja humfaa zaidi anayekaa, na wengi wetu tunahama. Kwa mwenye nyumba yake ningetoa tano bila kusita. Kwa mpangaji, anza na chumba cha kulala cha watoto na sebule, upande unaopigwa na upepo wa kaskazini, kisha uongeze mwaka unaofuata. Ikifika Mei, andika nyuma ya kila fremu ni ya dirisha lipi na upande upi uko juu, zifunge kwa shuka kuukuu na uzisimamishe mahali pakavu, mbali na mfereji wa maji. Nyuma ya kabati panatosha. Fremu haiwezi kupunguzwa kwa msumeno bila kuharibu plastiki, hivyo ukihama, pima kwanza madirisha ya unakokwenda, na zisizoingia mwachie mpangaji anayefuata pamoja na maelezo ya dirisha la kila moja.